Faili Lako Linakaa Wapi? Lebo za Usalama Ndani ya Simu na Kompyuta

Watumiaji wengi wa simu janja wana folda moja waliyoipa jina la "SIRI", "Binafsi" au "Muhimu". Humo huwekwa picha ya kitambulisho cha Taifa, picha ya hati ya mauziano ya kiwanja, majibu ya vipimo vya hospitali, na pengine picha za familia ambazo mwenyewe asingependa zionwe na mtu wa nje. Akishazihamishia humo, mtumiaji hutulia moyo, akiamini kwamba ameziweka chumbani na kufunga mlango. Utulivu huo mara nyingi hauna msingi. Jina "SIRI" husomwa na binadamu. Mfumo endeshi wa simu haulitilii maanani hata kidogo. Mfumo hutazama jambo jingine: faili liko mahali gani, na mahali hapo pamepewa lebo ipi.

Tumeandika maelezo haya tukiwafikiria hasa wakazi wa Kibaha na Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani, ambako biashara ya viwanja imeshamiri kadiri jiji la Dar es Salaam linavyopanuka, na ambako nyaraka nzito za maisha ya mtu siku hizi hupita kwenye simu kabla ya kufika serikali ya mtaa, benki au ofisi ya ardhi. Anayetumia simu mahali pengine popote nchini atakuta mambo ni yale yale.

Postikodi ya nyumba na lebo ya faili

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, nchi nzima ilipitia Operesheni ya Anwani za Makazi. Barabara na vichochoro vilipewa majina, nyumba zikapewa namba, na kila kata ina postikodi yake ya tarakimu tano: ya kwanza huonyesha kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho kata. Nyumba hupata postikodi kwa sababu moja tu, nayo ni mahali iliposimama. Hakuna aliyeuliza imejengwa kwa tofali gani, wala ndani yake mna nini. Kwa upande wa Kiluvya, ambako Wilaya ya Kisarawe imepakana na Kibaha, nyumba mbili zilizojengwa na fundi mmoja kwa ramani moja zaweza kuwa na postikodi tofauti kwa kuwa mpaka wa wilaya umepita katikati yao.

Mfumo endeshi hufanya jambo linalofanana sana na hilo. Kila faili lina njia yake, yaani mfuatano wa majina ya folda kuanzia ya juu kabisa hadi lilipo faili lenyewe. Katika simu za Android, ulinzi huu umekabidhiwa mfumo uitwao SELinux, ambao asili yake ni Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani. Shirika hilo liliutoa kwa umma Desemba 2000, na mwaka 2003 ukaingizwa rasmi katika kiini cha Linux, ambacho ndicho msingi wa Android. Google waliuingiza katika Android 4.3 ya mwaka 2013, mwanzoni ukiwa wa kutazama na kuandika taarifa tu bila kumzuia yeyote. Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014 unazuia kwa ukamilifu.

Ndani ya mfumo huo mna daftari. Kila mstari wa daftari una sehemu mbili: upande mmoja umeandikwa njia, upande wa pili lebo. Kwa miaka mingi, kwa mfano, daftari la Android lilikuwa na mstari unaoagiza kwamba kila faili lililo chini ya njia /data/misc/wifi lipewe lebo ya wifi_data_file, kwa kuwa huko ndiko zilikohifadhiwa nywila za Wi-Fi. Faili likiangukia kwenye mistari miwili, mmoja wa jumla na mwingine mahususi, ule mahususi ndio hushinda. Kwa folda za programu mbalimbali, daftari halitazami njia peke yake. Huangaliwa pia ni programu ipi inayomiliki folda. Kuanzia Android 9 ya mwaka 2018, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya toleo hilo au yanayofuata hupewa alama yake ya pekee ndani ya lebo, ili programu ya mchezo isiweze kuchungulia folda ya programu ya benki hata kama zote mbili zinakaa katika simu moja.

Lebo peke yake haizuii kitu, kama ambavyo postikodi haifungi mlango. Kinachozuia ni kitabu cha pili, cha kanuni. Humo imeandikwa kwamba programu za aina fulani zaweza kusoma mafaili yenye lebo fulani, kuyaandika au kuyafuta. Lisiloruhusiwa kwa maandishi limekatazwa. Programu ikigonga faili lisilo la kwake, mfumo hauulizi faili hilo lina picha ya nini wala lina thamani gani kwa mwenye simu. Hulinganisha lebo ya programu na lebo ya faili, basi.

Kuhama si sawa na kunakiliwa

Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wenye uzoefu huwachanganya. Njia hutumika kupata lebo, lakini lebo ikishapatikana hubandikwa kwenye faili lenyewe na kusafiri nalo. Faili jipya linapozaliwa ndani ya folda, hurithi lebo ya mahali lilipozaliwa. Nakala ni faili jipya; kwa hiyo ukinakili faili kutoka folda moja kwenda nyingine, nakala huchukua lebo ya makao mapya. Ukilihamisha badala ya kulinakili, na ikiwa hifadhi ni ile ile, faili huenda na lebo yake ya zamani.

Namba ya kitambulisho cha Taifa yaweza kutusaidia kuona jambo hili. Ina tarakimu 20: nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, na tano zinazofuata ni postikodi ya mahali mtu alikoandikishwa. Aliyeandikishwa Kibaha, kisha akanunua kiwanja Kisarawe, akajenga na kuhamia, habadilishiwi namba. Anaishi Kisarawe na anabeba Kibaha. (Kwa kupita tu: kwa kuwa namba hiyo inaanza na tarehe ya kuzaliwa, ni vyema kufikiri mara mbili kabla ya kuitumia tarehe hiyo hiyo kama namba ya siri ya simu au ya pesa.)

Mfumo una namna ya kusahihisha lebo zilizopitwa na wakati. Hulipitia daftari upya, kila njia na lebo yake, na kubandika pale palipokosewa. Android hufanya hivyo simu inapowaka baada ya sasisho, endapo daftari limebadilika. Ndiyo sababu simu hukawia kidogo kuwaka baada ya sasisho kubwa, ingawa hiyo si sababu pekee. Mtumiaji asiikatishe kwa kuizima.

Uwanja wa pamoja

Sasa turudi kwenye ile folda ya "SIRI". Ukiifungua programu ya mafaili katika simu, unachokiona karibu chote ni sehemu moja: folda ya vipakuliwa, ya kamera, ya picha za WhatsApp, ya muziki, na zile ulizozitengeneza mwenyewe. Sehemu hii ni uwanja wa pamoja. Imewekwa makusudi ili picha iliyopigwa na programu ya kamera iweze kutumwa na programu nyingine. Programu zinapoutazama uwanja huo, mafaili yote yaliyomo yanaonekana yakiwa na lebo moja. Mkataba wa kiwanja cha Shilingi milioni nane na kibonzo cha kuchekesha ulichotumiwa asubuhi vina hadhi sawa. Kutoa faili katika folda ya vipakuliwa na kulitia katika folda ya "SIRI" ni kama kuhamisha kiti kutoka kona moja ya uwanja kwenda nyingine.

Ipo mbinu nyingine inayopendwa: kuanza jina la folda kwa nukta ili picha zisionekane kwenye albamu. Mbinu hii humficha faili mtoto anayechezea simu yako. Programu yenye ruhusa ya kusoma hifadhi haizuiliki kwa nukta.

Katika uwanja wa pamoja, kinachobaki kukulinda ni ruhusa unazotoa mwenyewe, na hapa toleo la Android lina uzito mkubwa. Katika Android 9 na za kabla yake, programu ikipewa ruhusa ya hifadhi mara moja, uwanja wote ni wake: picha, mikataba, sauti zilizorekodiwa. Android 10 ya mwaka 2019 ilianza kuubana mlango huo, na Android 11 ya mwaka 2020 ikaubana zaidi kwa programu zilizotengenezwa kwa ajili yake, hivyo kwamba programu ya kawaida haiwezi kusoma nyaraka zilizowekwa na programu nyingine. Picha na video zilibaki kufunguliwa kwa ruhusa. Android 13 ya mwaka 2022 ikatenganisha ruhusa ya picha na video na ile ya sauti, na Android 14 ya mwaka 2023 ikamwezesha mtumiaji kuchagua picha chache tu badala ya kutoa albamu nzima. Simu nyingi zinazouzwa zikiwa zimetumika zina matoleo ya zamani. Kabla ya kulipa, ingia kwenye Mipangilio, kisha Kuhusu simu, usome toleo la Android. Bei rahisi ya simu yenye Android 8 ina gharama yake iliyojificha hapo.

Watumiaji wa iPhone wana mpangilio tofauti kwa jina, lakini wazo ni lile lile: kila programu imefungiwa katika chumba chake, na albamu ya picha hufunguliwa kwa ruhusa.

Programu za mikopo

Tungependa msomaji akae hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapoumia. Programu ya mikopo ya papo kwa papo huomba ruhusa inapowekwa. Mtu mwenye shida ya ada au matibabu hasomi. Anabonyeza "Ruhusu" mara nne na kusubiri fedha. Ruhusa ya majina ya simu ikitolewa, ndugu, bosi na jirani wanajulikana. Ruhusa ya picha ikitolewa, albamu ni ya mkopeshaji. Mkopo ukichelewa, vitu hivyo hivyo hugeuzwa fimbo: ujumbe wa kumdhalilisha mkopaji hutumwa kwa watu wake, wakati mwingine ukiwa na picha.

SELinux haiwezi kumwokoa mtu hapo. Lebo zilifanya kazi yake sawasawa. Mwenye nyumba ndiye aliyefungua. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yanayofanya kazi bila leseni. Kabla ya hapo, tangu Mei 31, 2023, Google walizikataza programu za mikopo binafsi zilizo katika duka lao kuomba picha na majina ya simu ya mkopaji. Katazo hilo linahusu programu zinazopatikana katika duka hilo. Programu unayotumiwa kwa kiungo cha WhatsApp, ukaambiwa uiruhusu simu "kusakinisha kutoka vyanzo visivyojulikana", imepita nje ya geti. Mkopeshaji halali hana haja ya albamu yako ili ajue kama unaweza kulipa, na anayeing'ang'ania tunashauri aachwe.

Flashi, kadi na kompyuta ya steshenari

Tuchukue mfano wa mnunuzi anayeishi Maili Moja, Kibaha, aliyepata kiwanja Masaki, wilayani Kisarawe. Muuzaji anataka nakala ya kitambulisho. Serikali ya kijiji inataka nakala ya mauziano. Mnunuzi anaingia steshenari, anachomeka flashi au anatuma picha kwa WhatsApp kwenye namba ya duka, karatasi zinatoka, analipa na kwenda zake. Nini kimebaki nyuma?

Flashi nyingi, pamoja na kadi za kumbukumbu, zimepangwa kwa mtindo wa zamani uitwao FAT au mwenzake exFAT. Mtindo huu hauna nafasi ya kuandika lebo. Faili likishuka kwenye flashi, lebo yake na ruhusa zake hubaki lilikotoka, na flashi inapochomekwa kwenye mashine nyingine, vyote vilivyomo hupewa hadhi moja kwa mkupuo. Hata ile alama ambayo Windows hubandika kwenye faili lililotoka intaneti, inayomwonya mtumiaji kabla ya kulifungua, hupotea faili likipitia flashi ya namna hiyo. Hivyo faili lenye virusi lililopitishwa kwenye flashi laweza kufunguka bila onyo lolote.

Kompyuta yenyewe ya dukani ina hali yake. Kwa kawaida Windows hufuata desturi tuliyoieleza: faili linalozaliwa au kunakiliwa katika folda hurithi ruhusa za folda hiyo, na lililohamishwa ndani ya diski ile ile hubaki na ruhusa zake. Lakini ruhusa zina maana pale tu watumiaji wanapotenganishwa, na kompyuta ya steshenari ina mtumiaji mmoja, naye ni duka. Anayekuja baada yako akiambiwa "tafuta faili lako hapo kwenye vipakuliwa" anaona la kwake na la kwako pia. Tunamshauri mteja asimame hadi kazi ikamilike, aombe faili lifutwe mbele yake pamoja na lililomo kwenye pipa la taka na kwenye mazungumzo ya WhatsApp ya duka, na kama alifungua WhatsApp yake mwenyewe kwenye kompyuta hiyo, aondoe kifaa hicho katika orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mwenye duka mwungwana hatakasirika. Flashi nayo isibebe miaka mitano ya maisha ya mtu. Iwe na karatasi za siku hiyo tu, maana faili lililofutwa kwenye flashi laweza kurejeshwa na mwenye nia.

Kwa kadi ya kumbukumbu ya simu, baadhi ya simu tangu Android 6 huuliza, kadi inapowekwa mara ya kwanza, kama itumike kama hifadhi ya kubebeka au hifadhi ya ndani. Ukichagua ya ndani, kadi hupangwa upya kwa mtindo unaobeba lebo na kufungwa kwa usimbaji. Simu ikiibwa, kadi haisomeki kwenye kifaa kingine. Gharama yake ni kwamba hata wewe hutaweza kuichomeka kwenye kompyuta, na vilivyokuwamo hufutwa wakati wa kupangwa.

Simu iliyotoka kwa fundi

Fundi anapohamisha data za mteja kwa zana zisizo rasmi, mafaili yaweza kufika yakiwa na lebo zisizolingana na mahali yalipo. Dalili zake ni programu kujifunga zenyewe au kugoma kufungua mafaili yao. Dawa sahihi ni kubandika lebo upya kwa kufuata daftari, au kurudisha simu katika hali ya kiwandani na kurejesha data kwa njia ya kawaida. Dawa ya mkato ni kuiweka SELinux katika ile hali ya mwaka 2013, ya kutazama bila kuzuia. Matatizo huisha papo hapo, nayo mageti yote ya lebo yamekuwa wazi. Kadhalika, simu iliyofunguliwa ili mwenyewe awe na mamlaka yote juu ya mfumo humpa mamlaka hayo hayo mdudu yeyote atakayepata kuidhinishwa. Baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi katika simu ya namna hiyo, na zina haki. Muulize fundi waziwazi alichobadilisha, na programu ya benki ikianza kugoma baada ya matengenezo, usiendelee kuitumia simu hiyo kwa fedha hadi ichunguzwe.

Mahali panapofaa kwa nyaraka nyeti ni ndani ya chumba cha programu, nje ya uwanja wa pamoja. Programu ya Files ya Google ina folda salama inayofunguliwa kwa namba ya siri, na baadhi ya watengenezaji wa simu wana ya kwao. Ukiingiza picha humo, hakikisha ya awali imetoweka kwenye albamu na kwenye sehemu ya vilivyofutwa. Namba ya siri usiisahau, kwa kuwa hakuna duka litakaloweza kuifungua kwa niaba yako. Kisha fungua Mipangilio, sehemu ya ruhusa, utazame ni programu zipi zina ruhusa ya picha, video na mafaili. Ondoa zote zisizo na sababu inayoeleweka, ukianza na zile ambazo hukumbuki lini uliziweka.

Mtu ambaye taarifa zake zimechukuliwa au kusambazwa bila ridhaa analindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hifadhi ushahidi: picha za skrini, namba zilizotuma ujumbe, jina la programu na tarehe. Namba zinazotuma ujumbe wa utapeli huripotiwa kwa kuutuma ujumbe huo kwenda 15040, na anayehofia kwamba picha ya kitambulisho chake imetumika kusajili laini asizozijua anaweza kupiga *106# akaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.